Tumezidi kunung'unika hemani

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua. Najua ukurasa huu ni wa watu wenye madukuduku yao, huyu maji hayajatoka wiki ya pili, yule barabara ya mtaani kwake imegeuka bwawa la kambale, mwingine konda kamnyima chenji, na mimi nimekuja na la kwangu ila la kwangu linachekesha kidogo maana nimekuja kulalamikia kulalamika, tena kulalamika kwetu sisi tuliookoka, tunaoimba kwaya na kubeba Biblia za zipu kila Jumapili. Na kabla msomaji hajaniambia nitoe kwanza boriti ya jichoni kwangu, nakiri mapema kabisa boriti ninayo, na nusu ya barua hii ni hiyo boriti.

Mimi nina genge hapa Dar es Salaam, nauza nyanya, vitunguu, hoho, karoti, bamia, mchicha, matango, na matikiti msimu wake ukifika. Kwetu ni Rungwe, mkoani Mbeya. Wamisionari wa Kimoravian walifika Rungwe mwaka 1891 kwahiyo mimi kanisa nimelikuta nyumbani kama nilivyozikuta sufuria, sijawahi kuambiwa nichague. Nalisema hili ili ijulikane simnyooshei kidole mtu wa dhehebu lingine, naongelea nyumbani kwetu.

Genge ni mahali watu wanapotua mizigo ya moyoni kabla hawajanunua nyanya za mia tano. Njoo Jumapili kuanzia saa saba mchana ukae juu ya ndoo yangu ujionee. Anakuja mama katoka ibadani, sare ya kwaya bado iko mwilini, jasho la kuimba halijakauka, tunasalimiana Bwana Yesu asifiwe, amina, habari za ibada, "nzuri mdogo wangu, tumebarikiwa sana, ila..." Basi. Ikishatoka hiyo ila ujue nyanya zitasubiri. Ila mahubiri yalikuwa marefu, ila matangazo peke yake dakika arobaini, ila spika zinakoroma, ila feni ya upande wa akina mama haizunguki tangu Pasaka wakati ya upande wa wazee inazunguka vizuri tu, ila mchango mwingine tena na ule wa madirisha hata dirisha lenyewe hatujaliona. Anamaliza, anachagua nyanya nne, anaomba nimuongezee moja, anaondoka. Kuna mmoja nilimuuliza mahubiri yenyewe yalihusu nini, akasimama akafikiria kweli, akasema nadhani yalihusu upendo.

Nimeifatilia hiyo ila kwa muda sasa. Namshukuru Mungu nimeamka salama ila. Mtoto kafaulu ila shule aliyopangiwa. Mume kapata kazi ila mshahara. Kuna kipindi mji huu salamu yenyewe ilikuwa vyuma vimekaza, yaani maisha magumu hela hakuna, unamwambia mtu habari za asubuhi anakujibu vyuma vimekaza, na sisi wa kanisani tukaichukua tukaiingiza hadi kwenye maombi, nimesikia kwa masikio yangu kwenye ibada ya nyumba kwa nyumba mtu anaomba "Baba wewe unajua jinsi vyuma vilivyokaza", nikafumbua macho kumwangalia, mwenzangu kafumba yake anaomba kwa imani kabisa.

Sasa niseme ilivyonikuta mimi. Zile mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023 kuingia 2024 wote tunazikumbuka. Nyanya nyingi tunazouza huku zinatoka Iringa, kule Ilula, na nyanya na mvua kubwa hazipatani kabisa, mvua ikizidi ugonjwa wa bakajani unaingia shambani na wiki haiishi shamba limekuwa jeusi. Tenga nililokuwa nachukua kwa elfu arobaini nikalikuta laki na kumi. Nikalipa, nikapakia kwenye guta, nafika gengeni nafungua nakuta juu nyanya chini uji. Sio mara moja, mara tatu. Mwezi ule nilinung'unika mpaka mate yakakauka, kila mteja nilimpa ripoti nzima, dalali, dereva, mvua, serikali, mkulima, shetani, wote walikuwemo.

Siku moja mvua inapiga turubai, mteja hakuna, nikafungua Biblia kwenye simu. Nilikuwa kwenye ule mpango wa kusoma Biblia nzima kwa mwaka, nimeshachelewa miezi mitatu lakini sijakata tamaa, nikafika Hesabu sura ya 11. Wana wa Israeli wako jangwani wanalia, wamechoka na mana, kile chakula cha kutoka mbinguni, wanakumbuka Misri. Wanakumbuka samaki, na matango, na matikiti, na mboga, na vitunguu, na vitunguu saumu. Nikainua macho nikaangalia mbele yangu. Matango. Matikiti. Mboga. Vitunguu. Saumu kwenye kikapu pembeni. Jamani hiyo ni meza yangu, kilichopungua ni samaki tu na samaki yupo mama jirani anawakaanga hatua tano kutoka nilipo. Yaani watu walilia jangwani kwa kukosa vitu ambavyo mimi nimezungukwa navyo kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, na mimi mwenye navyo nalia vilevile.

Lakini neno lililonishika zaidi kwenye ule mstari ni bure. Wanasema tulikula samaki bure. Nikarudia kusoma. Bure? Hawa si ndo walikuwa wanafyatua matofali kwa viboko, si ndo Farao aliwanyima majani ya kufyatulia akawaambia wakatafute wenyewe na hesabu ya matofali ibaki ileile, si ndo watoto wao wa kiume waliamriwa watupwe mtoni? Mtumwa anakula bure kivipi, walilipia wale samaki kwa migongo yao. Ila mtu akishaanza kunung'unika kumbukumbu zake zinachagua, fimbo zinafutika vitunguu vinabaki. Na mimi ndo nilivyokuwa naongea, enzi zetu biashara ilikuwa biashara, mwaka 2015 ungenikuta, kumbe 2015 nilikuwa natembeza nyanya kwenye sinia juani, sina meza sina turubai, mgambo wakitokea nakimbia na sinia kichwani na mimba ya miezi sita. Leo nakaa kwenye kivuli changu naililia 2015.

Hiyo mana yenyewe ukiisoma vizuri kwa jicho la mtu wa biashara inafundisha sana. Kila mtu anaokota kipimo chake cha siku, pishi moja kwa kichwa, aliyeficha ya kesho aliamka akakuta mabuu na harufu. Mimi nauza kitu kinachooza kwahiyo hilo sihitaji mchungaji anifafanulie. Na umbali wa kutoka Horebu, mlima walikopewa sheria, mpaka Kadesh-barnea, karibu na mpaka wa nchi ya ahadi, Kumbukumbu la Torati mwanzoni kabisa panasema, ni safari ya siku kumi na moja. Wao mpaka kuingia hiyo nchi wakatumia miaka arobaini. Tena waliohukumiwa kuzunguka hawakuwa wamekosa chakula siku ile, walikuwa wamesikia habari za wapelelezi waliotumwa kuichunguza hiyo nchi, wakapaniki, wakalia usiku mzima wakasema bora tungefia Misri.

Ila sasa nije kwenye kichwa cha barua. Kuna sehemu mbili kwenye Biblia zinasema jambo moja ambalo nilikuwa nalipita tu, Zaburi ya 106 na ile Kumbukumbu la Torati sura ya kwanza, zinasema walinung'unika hemani mwao. Hemani. Hawakwenda kwa Musa wakasema Mzee tuna shida. Kila mtu kwenye hema lake na mke wake na shemeji yake na jirani aliyepita kuomba moto. Na mimi hema langu nalijua, liko kwenye simu.

Idara yetu ya akina mama ina grupu la Wasapu lenye watu themanini na nne. Ndani yake sisi sita tulikuwa na kagrupu ketu ka pembeni tulikokaita Maombi ya Usiku, na sikumbuki usiku hata mmoja tulioomba humo. Tulikuwa tunamjadili mtunza hazina. Ule mchango wa madirisha ulikuwa umechukua muda, hela tumetoa, madirisha hayaonekani, na yeye kipindi hichohicho akaonekana na wigi jipya, basi hesabu yetu ikakamilika. Miezi minne tunamjadili mtu. Siku moja usiku nimechoka, nimetoka sokoni nimechafukwa na mambo yangu ya tenga, nikarekodi voisi ya dakika tatu nzima, nikasema yote, hadi wigi nikalitaja, nikatuma. Nikakaa kusubiri wenzangu wacheke. Kimya. Nikaangalia vizuri, sio Maombi ya Usiku, ni grupu kubwa.

Moyo ulinishuka mpaka kwenye kandambili. Nikakimbilia kuifuta, na kwa kiherehere nikabonyeza futa kwangu badala ya futa kwa wote, kwahiyo nikawa nimejifutia mimi peke yangu, wenzangu themanini na tatu wamebaki nayo wanaisikiliza kwa nafasi zao. Mama mchungaji akiwemo.

Yule dada alijibu baada ya kama nusu saa, mistari miwili tu. Asante mama nimekusikia, daftari ninalo, Jumapili baada ya ibada nitakuwa ofisini karibu wewe na yeyote anayetaka kuona. Ningetamani anitukane. Nikaenda, nitafanyaje sasa, watu wote wanajua. Akafungua daftari, na jina la kwanza macho yangu yalipoangukia lilikuwa la kwangu, ahadi laki moja, aliyolipa elfu arobaini. Madirisha hayaji kwasababu hela haijatimia, na haijatimia kwasababu ya watu kama mimi. Tukaendelea kupitia risiti moja moja, na haki isemwe, tulikuta mbao za elfu themanini na tano hazina risiti, hata yeye mwenyewe alikuwa hajagundua, akaandika pembeni, fundi akaileta wiki iliyofuata. Kwahiyo sikuwa nimekosea asilimia mia, kulikuwa na kitu. Lakini kazi nzima ilichukua dakika ishirini. Sisi hemani ilituchukua miezi minne na hatukuipata hata hiyo risiti.

Na hapa ndo natofautiana na baadhi ya wahubiri, naomba wanisamehe. Ukisikiliza mahubiri mengi kuhusu shukrani utadhani Mungu anataka watu wasioongea. Umeonewa shukuru, umedhulumiwa shukuru, paa linavuja shukuru una paa. Biblia niliyosoma mimi haisemi hivo. Kwenye kitabu hichohicho cha Hesabu, kile cha manung'uniko, kuna mabinti watano wa Selofehadi, baba yao amekufa hana mtoto wa kiume na sheria ilikuwa inawaacha mikono mitupu. Hawakukaa hemani. Sura ya 27 inasema walikwenda wakasimama mbele ya Musa na kuhani na wakuu na mkutano wote, mlangoni pa hema ya kukutania, wakasema shida yao na wakasema wanachotaka. Musa akapeleka kwa Bwana, na Bwana akasema hawa mabinti wako sahihi wapeni urithi. Sheria ikabadilika. Hakuna nyoka aliyemuuma mtu, kama walivyoumwa wale walionung'unika jangwani. Na kanisa la kwanza kabisa, Matendo sura ya 6, wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walikuwa wanasahaulika kwenye mgao wa chakula wa kila siku, manung'uniko yakaanza, mitume hawakusema hawa wanawake hawana shukrani, waliita mkutano wakachagua watu saba washughulikie. Jambo likishafika mlangoni linapata mwenyewe.

Halafu kuna hili la msibani ambalo linaniuma. Mama kafiwa na mtoto, hata kaburi halijakauka, mtu anakuja anamshika bega, mshukuru Mungu, kazi yake haina makosa. Nilimuona dada mmoja aliyeambiwa hivo akasimama akaingia ndani akafunga mlango, na mpaka leo kanisani hajarudi vizuri. Ule mstari wa 1 Wathesalonike 5:18 tunaupenda, shukuruni kwa kila jambo, na kwa Kiswahili mtu unaweza kuelewa kwamba ushukuru kwasababu ya kila jambo hata msiba. Mchungaji wetu wa zamani alitufundisha kwamba Kigiriki chake ni katika kila jambo, ukiwa ndani ya hilo jambo. Ni tofauti kubwa sana hiyo. Ayubu alisema Bwana alitoa na Bwana ametwaa jina la Bwana libarikiwe, hiyo tunaiweka hadi kwenye fulana za msiba, lakini sura mbili mbele alifungua kinywa akailaani siku aliyozaliwa, hiyo hakuna anayeiweka kwenye fulana. Na Daudi, Ee Bwana hata lini utanisahau, hata milele? Hayo ni malalamiko, tena makali, ila anamwambia Mwenyewe usoni, hamwambii shemeji. Zaburi hiyohiyo ya 13 ina mistari sita tu na inaishia na wimbo. Mimi naona ndo maana inaishia na wimbo, kwasababu alikuwa anaongea na anayeweza kujibu.

Aliyenifundisha hili bila kufungua Biblia ni mama yangu. Yuko Rungwe, miaka sabini na kitu, migomba mbele, miparachichi nyuma, mvua juu muda wote si unajua kwetu. Huyu mama neno lake ni ndaga, Wanyakyusa wenzangu wanalijua, asante, ndaga fijo, asante sana, analitumia kama chumvi. Nampigia simu asubuhi, mama umeamkaje, ananiambia goti la kushoto limeamka salama, ndaga. Na la kulia? La kulia linauma, nimelipeleka hospitali Jumatatu nimemwambia daktari kila kitu, kanipa dawa, nitarudi tena tarehe kumi na nne. Kisha anahamia kwenye stori ya kuku. Nilikaa na hilo jibu siku nzima. Mimi ningelalamika magoti yote mawili, la kulia kwa kuuma na la kushoto kwa kuchelewa kuuma, na hospitali nisingeenda ningekaa hapa gengeni nawahadithia wateja. Yeye la kushoto kalishukuru kwa jina, la kulia kalipeleka panapohusika, na tarehe ya kurudi anaijua. Uvumilivu wake una tarehe. Hata baba enzi za uhai wake alipopanda kahawa alijua miaka mitatu hiyo hupati kitu cha maana, lakini sijawahi kumuona amekaa, alikuwa anapalilia na kuweka mbolea na kupandia maharage katikati, Yakobo anaposema mkulima hungoja mazao mimi namuona baba na jembe lake.

Kutoshukuru kuna gharama pia, hili nalipita haraka maana linanitia aibu. Nilishawahi kuchukua mkopo wa kausha damu, ile ya riba kubwa, kwa ajili ya sare ya kichen pati. Nilikuwa na kitenge kizuri tu kabatini. Nimemaliza.

Na wateja wanakimbia. Kuna mama mmoja alikuwa mteja wangu wa kila siku, ghafla nikaanza kumuona anapita mbele yangu na kikapu anaenda genge la kona. Nikajua bei. Nikamtuma mtoto akaulize, bei ileile, nyanya zao ndogo kuliko zangu. Siku nimemshika mkono nikamuuliza dada nimekukosea nini, akajikaza kaza akaniambia, "Mama, hujanikosea, ila nikija kwako naondoka nimechoka." Sikulala vizuri siku hiyo. Hiyo nayo ilikuwa ila, lakini hiyo nilistahili, na angalau aliniambia mimi mwenyewe.

Sikubadilika siku hiyohiyo, watu wasidhani. Mwaka uleule wa 2024 ilipofika sikukuu ya mavuno nilikuwa bado nina kinyongo na zile nyanya. Huku mjini tunaleta tulichonacho, mwenye mchele alete mchele, kreti la soda, kuku, mikungu ya ndizi, sukari, na baada ya ibada ni mnada. Mimi nikachukua ndoo ndogo nikajaza zile za chini ya tenga, juu nikapanga sita nzuri, yaani nilimfanyia Mungu vilevile dalali alivyonifanyia mimi. Mnada ukaanza, mzee anayenadisha ana sauti ya kuita basi stendi, ndoo yangu ikapanda, elfu tatu, elfu tano, elfu nane, kijana mmoja wa bodaboda akasema elfu kumi na tano. Watu vigelegele. Na kwetu ukishanunua unaweza kumzawadia mtu, akaulizwa unampa nani, akageuka akanitafuta kwa macho akasema nampa mama wa genge, huyu kila siku anatukopesha, leo na yeye aletewe nyanya.

Nikasimama nikapokea ndoo yangu. Kanisa zima linapiga makofi, mimi natabasamu huku kidole gumba kimeshazama kwenye nyanya. Nikatembea nayo mpaka nyumbani, nikazimwaga kwenye beseni, nikachambua, zaidi ya nusu za kutupa. Zilizobaki nikapika. Mume wangu akaangalia bakuli akaniuliza hizi si zile? Nikamwambia kula baba.

Jumatatu yake nikatoka kwenye kale kagrupu ka Maombi ya Usiku. Ahadi ya madirisha nililipa kidogo kidogo ikaisha mwezi wa kumi, nikamuomba yule dada msamaha palepale kwenye grupu kubwa kwasababu kosa lilifanyika hapo. Mteja wangu wa zamani anakuja, sio kila siku, mara mbili kwa wiki. Ulimi bado unanishinda hasa bei ikipanda, ila sasa nikianza mtoto wangu wa pili anakohoa, tumekubaliana hivo.

Lililobaki ni mtaro. Pembeni ya genge letu kuna mtaro umeziba tangu mvua zile, maji machafu yanarudi mpaka kwenye meza za mboga, na sisi wenye magenge tumeunung'unikia kwa zaidi ya mwaka mzima, tumemsema kila mtu isipokuwa kumwambia anayehusika. Mwezi huu tukaandika barua, tumesaini watu kumi na wanne, Waislamu na Wakristo, nimeipeleka mimi mwenyewe Jumanne na nakala yangu imegongwa muhuri. Jumamosi tunazibua upande wetu kwa majembe ya kuazima, na ukipita hapa uje na buti. Majibu bado, nasubiri. Kuna mteja kasimama, naomba niishie hapo.

Mama wa Genge,
Dar es Salaam.